Nakala, Lakabu na Uhamisho: Kumbukumbu za Kubuni Lugha ya Programu

Katika lugha za programu, yaani lugha rasmi ambazo binadamu huzitumia kuiagiza kompyuta ifanye kazi hatua kwa hatua, ni kauli chache zinazoandikwa mara nyingi kama ile inayokipa kigeu thamani, na ni chache pia ambazo maana yake hudhaniwa kuwa bayana ilhali wabunifu wameieleza kwa namna zinazopingana. Kigeu ni jina linalotaja mahali fulani katika memori ya kompyuta, na thamani ni kile kinachohifadhiwa mahali hapo, iwe namba, neno, orodha au kitu chenye sehemu nyingi. Kauli «b = a» husomwa na mtu yeyote bila kusita, lakini haisemi kama b amepata nakala yake mwenyewe, au amekuwa jina la pili la kitu kilekile, au amekichukua kitu chenyewe na kumwacha a mikono mitupu. Makala haya yanatokana na uzoefu wa mwandishi wake katika kubuni na kutengeneza lugha ndogo ya kufundishia yenye maneno ya Kiswahili, na yanatetea hoja moja: kwamba maana ya kuweka thamani inapaswa kuonekana palepale kauli ilipoandikwa, na kwamba gharama ya uwazi huo aibebe mbunifu mara moja badala ya kuwaachia watumiaji wa lugha wailipe kila siku.

Mjadala kuhusu kauli hii ulianza na alama yake. Konrad Zuse, mhandisi wa Ujerumani aliyebuni lugha ya Plankalkül katika miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aliiandika kwa mshale unaotoka kwenye hesabu na kuelekea kwenye jina linalopokea jibu, hivyo mwelekeo wa tendo ukaonekana kwa macho. Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 baada ya kazi ya kundi lililoongozwa na John Backus, ilichukua alama ya usawa ya hisabati, na tangu hapo wanafunzi waliozoea milinganyo wamekuwa wakiuliza inawezekanaje x iwe sawa na x kujumlisha moja. Kamati ya wataalamu wa Ulaya na Marekani iliyokutana Zürich mwaka 1958 kuanzisha Algol ilitenganisha mambo hayo mawili kwa kutumia «:=» kuweka thamani na «=» kulinganisha, na Niklaus Wirth akaufuata utaratibu huo katika Pascal mwaka 1970. BCPL ya Martin Richards nayo ilikuwa katika ukoo huo, lakini Ken Thompson alipoipunguza ili kupata lugha ya B katika maabara za Bell, aliiondoa nukta pacha, na C ya Dennis Ritchie ikairithi «=» ya kuweka thamani pamoja na «==» ya kulinganisha. Katika historia ya C aliyoiandika mwaka 1993, Ritchie alieleza kwamba badiliko hilo lilikuwa suala la ladha tu na kwamba bado lilikuwa na ubishi.

Athari za ladha hiyo zilionekana wazi mwezi Novemba 2003, pale mtu asiyejulikana alipopenyeza mistari miwili katika nakala mojawapo ya msimbo wa kiini cha Linux. Msimbo huo ulionekana kuuliza kama namba ya utambulisho ya mtumiaji ni 0, ambayo ndiyo namba ya msimamizi mkuu wa mfumo, kumbe uliandikwa «uid = 0» kwa alama moja badala ya mbili, kwa hiyo haukuuliza chochote bali ulimfanya mtumiaji yule kuwa msimamizi mkuu. Hila hiyo iligunduliwa kwa sababu badiliko lile halikuwa na kumbukumbu inayolingana nalo katika hazina kuu ya msimbo. Iliwezekana kwa kuwa katika C kuweka thamani ni usemi, yaani kipande cha msimbo chenye thamani kinachoweza kupachikwa ndani ya kipande kingine, na hivyo sharti la «if» linakipokea bila swali. Go, Swift na Rust ziliziba tundu hilo kwa namna tofauti zenye matokeo mamoja: kuweka thamani hakutoi kitu kinachoweza kutumika kama jibu la sharti. Python nayo ilikaa upande huo kwa miaka mingi, na ilipoongeza «:=» kama usemi katika toleo la 3.8 mwaka 2019, ilikuwa baada ya mabishano makali ambayo yalimfanya Guido van Rossum ajiuzulu uongozi wa lugha hiyo mwezi Julai 2018.

Hata hivyo, alama ni ganda tu, na kiini kimo katika swali la kinachotendeka ndani ya memori. Christopher Strachey, katika mihadhara aliyoitoa Copenhagen mwaka 1967, alionyesha kwamba jina lilelile lina maana mbili kulingana na upande liliposimama: upande wa kulia linawakilisha thamani iliyohifadhiwa, na upande wa kushoto linawakilisha mahali pa kuhifadhia. Kwa hiyo yeyote anayetengeneza lugha hulazimika kutofautisha vitu vitatu, yaani jina, kisanduku ambacho jina linakielekea, na thamani iliyomo kisandukuni. Majina mawili yanapokielekea kisanduku kimoja, la pili huitwa lakabu, na hali hiyo haina tofauti na ya mtu anayeitwa Juma kazini na Baba Asha mtaani: deni alilokopeshwa Baba Asha ni deni la Juma, hata kama wanaomdai hawajawahi kusikia jina lake la kazini.

Ugumu ni kwamba lugha nyingi zinazotumika sana hazina jibu moja kuhusu lini lakabu huzaliwa. Katika Python, kauli «b = a» haitengenezi nakala kamwe, bali hukipa kitu kile jina la pili; anayeongeza kipengele kwenye orodha kupitia b atakikuta pia kupitia a, ilhali kwa namba hakuna tofauti inayoonekana kwa sababu namba yenyewe haiwezi kubadilishwa. Katika PHP, orodha zinapowekwa kwenye kigeu kingine huwa kana kwamba zimenakiliwa, lakini vitu vya kimadarasa, tangu toleo la 5 la mwaka 2004, hubaki vimoja kwa majina yote mawili. Swift, iliyotangazwa na Apple mwaka 2014, hutenganisha aina za thamani, ambazo hunakiliwa, na aina za marejeo, ambazo hushirikiwa, na uamuzi huo hufanywa na aliyeitangaza aina, pengine katika faili ambalo msomaji hajalifungua. Katika lugha hizo msomaji wa «b = a» hawezi kujua matokeo yake kwa kuitazama; hana budi kwanza ajue a ni kitu cha aina gani, na katika programu yenye mafaili mamia maarifa hayo hayapatikani kwa kutupa jicho.

Njia tofauti ilijaribiwa katika lugha ya utafiti iitwayo Anzen, iliyobuniwa na Dimitri Racordon katika Chuo Kikuu cha Geneva. Lugha hiyo ina alama tatu za kuweka thamani, moja ya kutengeneza lakabu, moja ya kunakili na moja ya kuhamisha, na maana ya kila moja haitegemei aina ya kitu kinachowekwa. Wazo hilo ndilo lililoongoza lugha ya kufundishia inayosimuliwa hapa, isipokuwa kwamba badala ya alama mwandishi alichagua vitenzi, kwa mfano uliokuwapo tayari katika ABC, lugha ya Uholanzi iliyoitangulia Python, ambamo kuweka thamani kuliandikwa kama agizo la kutia kitu fulani ndani ya jina fulani. Vitenzi vilivyochaguliwa vilikuwa vinne: «weka» kwa thamani mpya inayotokana na hesabu au iliyoandikwa wazi, «nakili» kwa nakala huru, «shiriki» kwa lakabu, na «hamisha» kwa kukitoa kitu kwenye jina moja na kukitia kwenye jingine.

Mistari mitatu inatosha kuonyesha utendaji wake:

weka [500, 700, 900] katika bei
shiriki bei katika punguzo
weka 400 katika punguzo[1]

Mistari hiyo ikitekelezwa, bei nayo husomeka [400, 700, 900], kwa kuwa majina yote mawili yanakielekea kisanduku kimoja. Kama mstari wa pili ungekuwa «nakili bei katika punguzo», orodha ya kwanza ingebaki kama ilivyokuwa. Na kama ungekuwa «hamisha bei katika punguzo», jaribio lolote la kusoma bei baada ya hapo lingezuiwa kwa ujumbe unaosema kwamba jina hilo halina thamani tangu mstari wa 2. Muhimu zaidi ni kile ambacho lugha hiyo inakikataa. Mwanafunzi akiandika «weka bei katika punguzo», programu haianzi kabisa, na ujumbe wa kosa humwambia: «bei ni jina la thamani iliyopo, chagua nakili, shiriki au hamisha.» Kanuni hiyo hutumika kwa namba moja kama inavyotumika kwa orodha ndefu, na ingawa kunakili namba kwa kitenzi chake rasmi huonekana kama mzigo usio wa lazima, usawa huo ndio unaomwezesha msomaji aielewe kauli bila kuuliza aina ya kitu.

Utengenezaji wa lugha hiyo ulifanywa kwa njia ya kifasiri, yaani programu inayosoma kauli za lugha nyingine na kuzitekeleza moja baada ya moja, na ndani yake kulikuwa na jedwali linaloorodhesha majina na mishale inayotoka kwa kila jina kwenda kwenye kisanduku chake. Swali la kwanza lililodai jibu lilikuwa hili: ikiwa punguzo ni lakabu ya bei, je, kuweka orodha nzima mpya katika punguzo kunabadilisha kisanduku cha pamoja, au kunalitenga jina hilo na kulipa kisanduku kipya? Python huchukua njia ya pili, na ndiyo sababu wanafunzi wake hushangaa kwamba kuongeza kipengele huonekana kupitia majina yote mawili ilhali kuweka orodha mpya huonekana kupitia moja tu. Lugha inayosimuliwa ilichukua njia ya kwanza kwa kanuni fupi, kwamba «shiriki» pekee ndiyo inayogusa mshale, na vitenzi vingine vyote hugusa kilichomo kisandukuni. Kanuni hiyo ilipoandikwa, maswali mengi madogo yalijijibu yenyewe, jambo linaloonyesha kwamba kanuni njema ya lugha hupimwa kwa idadi ya maswali inayoyaondoa kuliko kwa urahisi wa kuitamka.

Kunakili kulikuwa na mitihani yake. Orodha inaweza kuwa na orodha nyingine ndani yake, na nakala ya juujuu, inayonakili ganda la nje na kuyaacha ya ndani yashirikiwe, hurudisha lakabu kwa mlango wa nyuma. Kwa sababu hiyo «nakili» ilifafanuliwa kuwa nakala ya kina inayofika hadi kipengele cha mwisho. Orodha inaweza pia kujibeba yenyewe, yaani kuwa na kipengele kinachoirejelea, na mnakili asiye na tahadhari ataizunguka bila kikomo. Kinga yake ni jedwali la muda linaloandika kila kisanduku kilichokwisha kunakiliwa ili kikikutwa tena itumike nakala iliyopo. Kuhusu gharama, nakala ya orodha yenye vipengele milioni moja si lazima itengenezwe papo hapo: kifasiri huweza kuhesabu ni wangapi wanaoitumia thamani ileile, na kikanakili kwa kweli pale tu mmoja wao anapotaka kuibadilisha. PHP hutumia mbinu hiyo kwa orodha zake, na Swift vilevile. Mbinu hiyo ilimfunza mwandishi kutenganisha maana na utekelezaji, kwa kuwa mtumiaji anaahidiwa nakala huru, na namna ya kuitimiza ahadi hiyo kwa gharama ndogo ni shughuli ya fundi.

Kuhamisha ndiko kulikodai fikra nyingi zaidi. Ili jina lililohamishwa lisisomwe, ukaguzi ulifanywa kabla ya programu kuanza, kwa kufuata kila njia ambayo utekelezaji unaweza kupita. Kama uhamisho umo katika tawi moja la «kama» na haumo katika jingine, mkaguzi hawezi kujua ni tawi lipi litakalopitwa, kwa hiyo baada ya matawi kukutana jina hilo huhesabiwa kuwa limekwisha kuhamishwa. Rust, iliyotoa toleo lake la kwanza kamili mwaka 2015, huamua vivyo hivyo. Uhamisho ulio ndani ya kitanzi, yaani sehemu inayorudiwa, hukataliwa isipokuwa jina lipewe thamani nyingine kabla ya mzunguko unaofuata. Tatizo lililobaki lilikuwa la kisanduku chenye lakabu, kwa kuwa kukihamisha kilichomo kungeyaacha majina mengine yakielekea patupu bila wenyewe kujua. Ukaguzi wa awali haukuweza kuyaona yote, hivyo kifasiri kilipewa kazi ya kuhesabu majina ya kila kisanduku na kukataa uhamisho pale yanapozidi moja.

Maswali hayohayo hurudi kila thamani inapopitishwa kwa funksheni, ambayo ni sehemu ya programu yenye jina lake na vigezo vyake, kwani kupokea kigezo ni kuweka thamani kwa sura nyingine. Fortran ya mwanzo ilipitisha marejeo ya mahali pa memori, na katika baadhi ya kompaila, yaani programu zinazotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, funksheni ndogo iliyopewa namba 2 iliweza kuibadilisha namba hiyo yenyewe kwa programu nzima iliyobaki. Katika lugha ya kufundishia, vitenzi vilevile vilitakiwa viandikwe pande zote mbili, kwenye maelezo ya funksheni na pale inapoitwa, ili mwenye orodha aone kwamba anaitoa ishirikiwe kabla hajaitoa. Hilo halikuzuia hatari moja ya siri. Funksheni inayochukua kila kipengele cha orodha ya kwanza na kukiongeza mwishoni mwa orodha ya pili hufanya kazi vizuri hadi siku mtu atakapoipa orodha ileile kwa vigezo vyote viwili, na hapo haitamaliza kamwe, kwa sababu inayosomwa inarefuka kila inaposomwa. Swift ilipiga marufuku hali hiyo mwaka 2017 katika toleo la 4, kwa kanuni kwamba anayebadilisha kitu hapaswi kukitumia pamoja na mwingine kwa wakati mmoja, na kanuni hiyo ilichukuliwa bila kusita.

Kuna pia tofauti kati ya kulianzisha jina na kulibadilishia thamani, ambayo lugha kadhaa ziliifuta kwa nia ya kupunguza maandishi. JavaScript, iliyotungwa na Brendan Eich mwaka 1995, iliruhusu thamani iwekwe katika jina lisilotangazwa, na jina hilo likawa la programu nzima. Kwa hiyo anayekosea herufi moja na kuandika «jumula» badala ya «jumla» haambiwi kosa bali hupewa kigeu kipya. Hali ya ukali iliyoletwa katika kanuni rasmi za mwaka 2009 ndiyo iliyoanza kulikataza jambo hilo kwa wanaoiomba. Python huliona jina lolote linalopewa thamani ndani ya funksheni kuwa la funksheni hiyo, na ilibidi mwaka 2008, katika toleo la 3.0, liongezwe neno maalumu la kumwezesha mtu kubadilisha jina la funksheni inayoizunguka ya kwake. Dawa ni nyepesi, nayo ni neno moja la kutangaza jina, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na saa zinazopotea kutafuta herufi moja iliyokosewa.

Wapo waliopendekeza kukata shauri kwa kuondoa kabisa mabadiliko ya thamani. Backus, yuleyule aliyeongoza Fortran, aliitumia hotuba yake ya Tuzo ya Turing mwaka 1977 kuishutumu kauli ya kuweka thamani kuwa shingo nyembamba inayolazimisha fikra zipite neno moja kwa wakati mmoja, na lugha kama Haskell, ambayo ufafanuzi wake wa kwanza ulitolewa mwaka 1990, huruhusu jina lipewe maana mara moja tu. Shutuma hiyo ina uzito, lakini uzoefu wa kufundisha unaonyesha kwamba wanafunzi hawashindwi na mabadiliko yenyewe; wanashindwa na mabadiliko yanayotokea mahali wasipopatazama. Mwanafunzi anayejua kwamba amelishiriki jina huyatarajia matokeo yake, na asiyejua huanza kuishuku kompyuta.

Kutokana na uzoefu huo mambo manne yanaweza kushauriwa kwa yeyote anayetaka kubuni lugha. Kwanza, aandike maana ya kuweka thamani kwa sentensi kamili kabla ya kuandika mstari wowote wa kifasiri, kwa sababu Ritchie mwenyewe alisimulia jinsi alama ya B ya kupunguza na kuweka, iliyoandikwa «=-», ilivyotokana na urahisi wa kuichambua, ikafanya «x=-1» iwe na maana mbili, na isirekebishwe hadi mwaka 1976. Pili, maana ya kauli isitegemee aina ya kitu kilichomo. Tatu, kila kanuni ijaribiwe ikiwa pamoja na nyingine zote, hasa lakabu pamoja na uhamisho, kwa kuwa kanuni mbili zilizo salama peke yake zinaweza kudhuru zikikutana. Nne, ujumbe wa kosa uandikwe kwa uangalifu uleule unaopewa sintaksia, kwa maana ndio sehemu ya lugha ambayo mwanafunzi huisoma kwa makini zaidi kuliko zote. Lugha inayouficha uamuzi wa kunakili, kushiriki au kuhamisha haijauondoa uamuzi huo, imemwachia tu mtu asiyejua kwamba ameshaufanya. Na mbunifu anayejali watumiaji wake anapaswa kuwauliza waziwazi, tena kabla programu haijaanza.